Tathmini ya qcc: chati za udhibiti kwa mfumo wa kompyuta uliokwisha komaa

Kazi yangu ni kusimamia matengenezo ya mfumo wa akiba na mikopo unaotumiwa na SACCOS. Si mfumo mpya. Wengi wa walioandika msimbo wake wa mwanzo wameshahamia kwingine, umepita mikono mingi, na wateja wanautegemea kila siku kupokea marejesho, kutoa mikopo na kufunga hesabu za mwezi. Kwenye kazi ya namna hii hakuna anayekuuliza umebuni nini. Unaulizwa kama mambo yanatengemaa au yanaharibika, na jibu linatakiwa Jumatatu asubuhi likiwa na namba.

Chombo ninachokitathmini hapa ni qcc, kifurushi cha kuchora chati za udhibiti ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu; kiliandikwa na Luca Scrucca alipokuwa Chuo Kikuu cha Perugia, Italia. Nakitumia ofisini, toleo la 2.7, na hakuna aliyenilipa nikisifu. Hukumu yangu naitanguliza ili mwenye haraka asipotezewe muda: kama mfumo wako una mwaka au zaidi kazini na tiketi zake, yaani taarifa za matatizo zinazofunguliwa na watumiaji, zimeandikwa kwa tarehe, kipakue leo. Kama mradi wako ndio kwanza unaanza, kiache kwa sasa, na sababu nitazieleza.

Chati ya udhibiti, kwa asiyeijua, iko hivi. Unapanda daladala ya Mbagala kwenda Posta. Leo umetumia dakika 60, jana 53, juzi 70. Humwulizi konda kwa nini leo zimezidi saba; ndivyo njia ilivyo, kuna taa, kuna abiria, kuna manyunyu. Lakini ukitumia saa tatu unajua kuna jambo: ajali, msafara, maji yamefunga barabara. Walter Shewhart, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi Western Electric huko Marekani, mwaka 1924 aliitia hesabu tofauti hiyo. Kila kazi inayorudiwarudiwa ina mtikisiko wake wa kawaida, na mtikisiko huo unaweza kupimwa kutokana na data ya kazi yenyewe. Ukishaupima unachora mstari wa kati na mipaka miwili, wa juu na wa chini. Namba ikiangukia ndani, usiitafutie sababu yake peke yake. Ikitoka nje, acha unachokifanya uende ukaangalie.

Shewhart aliwaza vifaa vya simu. Programu za kompyuta zilifikiwa baadaye sana, hasa baada ya Taasisi ya Uhandisi wa Programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kutoa mwaka 1991 mfumo wa ngazi tano za ukomavu uitwao CMM, uliotokana na kazi ya Watts Humphrey. Ngazi ya nne ndiyo inayodai kwamba mradi usimamiwe kwa vipimo na takwimu, na ya tano inadai takwimu hizo zitumike kuboresha kazi bila kukoma. Mfano uliotajwa sana ni timu ya IBM mjini Houston iliyoandika programu za kurushia Space Shuttle, chombo cha anga cha NASA; mwaka 1989 ilipimwa ikawekwa ngazi ya tano. Watu wakisikia IBM na NASA wanadhani haya ni mambo ya wenye bajeti kubwa. Ndiyo maana naandika tathmini hii. Sehemu kubwa ya hesabu ya ngazi ya nne inaingia kwenye laptopu ya kawaida bila kulipa hata senti, na ofisi yenye watu wachache inaiweza.

R yenyewe ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka Februari 29, 2000. Ni programu huria, leseni yake ni GPL, inayoruhusu kuitumia na kuigawa bure. Unaipakua, unaifungua, unaandika install.packages("qcc"), unasubiri kidogo, basi. Baada ya hapo haihitaji intaneti. Kwangu hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana kwa mtu aliyezoea mtandao usiokatika: umeme ukienda na ruta ikazimika, laptopu yenye chaji inaendelea kuchora chati, na data za wateja hazijatoka nje ya ofisi.

Sasa matumizi. Unatoa tiketi kwenye mfumo wako kama faili la CSV (maandishi yaliyotengwa kwa koma), unazihesabu kwa wiki, unampa qcc orodha ya namba. Mfano huu nimeutunga ili msomaji aweze kufuata kwa kalamu. Tiketi mpya za wiki kumi: 14, 11, 16, 12, 15, 9, 13, 17, 12, 11. Wastani ni 13. Sasa tazama tofauti kati ya wiki moja na inayofuata, bila kujali imepanda au imeshuka: 3, 5, 4, 3, 6, 4, 4, 5, 1. Wastani wa tofauti hizo ni karibu 3.9. Unauzidisha kwa 2.66, ambayo ni 3 ikigawanywa kwa 1.128, unapata kama 10.3. Mpaka wa juu basi ni 23.3 na wa chini ni 2.7. Kwenye qcc yote hayo ni mstari mmoja, ambamo xbar.one ni jina la chati ya namba moja moja:

qcc(tiketi, type = "xbar.one")

Chati inatokea, na chini yake zimeandikwa wastani, mkengeuko (kipimo cha namba zinavyotawanyika kando ya wastani) na idadi ya nukta zilizovuka mipaka. Nukta zilizovuka zinakuwa nyekundu. Zinazofuatana mara 7 upande mmoja wa mstari wa kati nazo zinapewa rangi yake, kwa sababu kazi inaweza kuhama bila kuvuka mpaka wowote.

Angalia maana yake kwa kikao cha Jumatatu. Wiki ya kumi na moja zikija tiketi 19, mkurugenzi yeyote atauliza, "Dada, mbona zimepanda kutoka 11 hadi 19? Nani kaharibu?" Zimepanda kwa zaidi ya asilimia 70, na asilimia hiyo inatisha. Lakini 19 iko ndani kabisa ya mipaka. Mfumo huu, kwa jinsi ulivyo na kwa jinsi timu inavyoutunza, una uwezo wa kutoa 19 wiki yoyote bila mtu yeyote kubadilisha kitu. Kumtuma kijana akatafute "chanzo cha ongezeko" ni kumtuma akatafute kitu ambacho hakipo. Na kwa kuwa ni kijana mwaminifu, atarudi nacho. Atakuta toleo la Alhamisi, atakuta tawi lenye karani mpya, ataandika ripoti ya kurasa mbili, na wiki inayofuata tiketi zikishuka hadi 12 wote wataamini kwamba ripoti ilifanya kazi. Nimeona ofisi zikiishi hivyo mwaka hadi mwaka. Watu hodari wanachoka, sera zinabadilishwa kila mwezi, na kasoro halisi inabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyepata muda wa kuigusa. Kama qcc kingekuwa na faida hii moja tu, ya kumwezesha msimamizi kusema kwa heshima na kwa namba kwamba "hii si habari", bado ningekipendekeza.

Upande wa pili wa sarafu hiyo nao una thamani. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Tanzania Julai 15, 2021, mfumo wetu, unaopokea marejesho ya mikopo kwa simu, ulilazimika kubadilishwa haraka. Tozo ilipopunguzwa Septemba mwaka huo huo, tukabadilisha tena. Kwenye chati miezi hiyo ni milima miwili iliyovuka mpaka wa juu waziwazi. Hapo hakuna ubishi, kuna sababu maalumu, ina tarehe na ina jina, na kila mtu anajua cha kufanya: zishughulikie tiketi hizo kama kundi moja, na wiki hizo zisiingizwe kwenye hesabu ya mipaka ya kawaida. Kwa hili qcc kina kipengele ninachokipenda kuliko vyote, newdata. Unakokotoa mipaka kwa kipindi kilichotulia, kisha unaleta data mpya juu ya mipaka hiyo hiyo bila kuiacha isogee. Chati inachora mstari wa kutenganisha vipindi viwili, na hata mtu asiyejua takwimu anaelewa upande upi ni kipimo na upi unapimwa.

Jambo jingine la ufundi linalostahili sifa. Kwa chati ya namba moja moja, qcc hukadiria mtikisiko kutokana na tofauti za jirani kwa jirani, kama nilivyofanya kwa kalamu hapo juu, bila wewe kukiambia. Wanaojitengenezea chati kwenye Excel mara nyingi huchukua mkengeuko sanifu wa data yote kwa pamoja. Tatizo lake ni kwamba kama tiketi zilihama katikati ya mwaka, uhamaji wenyewe unaingia ndani ya mkengeuko, mipaka inatanuka, na chati inaficha kile kile ulichoichora ili kikuonyeshe. Mwandishi wa qcc amelifanya jambo sahihi kuwa ndilo rahisi. Ukitaka ile njia nyingine unaweza kuiomba kwa std.dev = "SD", lakini ni lazima uombe.

Kwa nini nimesema mfumo uliokomaa? Meir Lehman na Laszlo Belady walipochunguza historia ya OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, waliona kwamba mfumo mkubwa unaotumika haukomi kubadilika, ila kasi ya mabadiliko hayo, toleo kwa toleo, huelekea kutulia. Nami ndicho ninachokiona kazini. Timu ina ukubwa ule ule, wateja ni wale wale, matoleo yanatoka kwa utaratibu unaojulikana. Palipo na utulivu wa namna hiyo, mipaka ina maana. Mradi unaoanza hauna. Wiki hii watu watatu, wiki ijayo saba, mwezi huu mnaandika, mwezi ujao mnajaribu. Kila nukta imetoka kwenye kazi tofauti, na ukiziunganisha kwa mstari unapata picha tu. Kwa mradi mpya tafuta njia nyingine za makadirio. Barry Boehm alitoa COCOMO, njia ya kukadiria gharama za programu, mwaka 1981 kwa ajili hiyo, na zipo za baadaye. qcc hakikutengenezwa kutabiri gharama.

Sasa nifike mahali ambapo watu wa programu wanakosea na chombo hiki, na ambapo maelezo yake hayawasaidii. Vitabu vya viwandani vinafundisha kwamba ukihesabu kasoro, tumia chati ya c, na kama ukubwa wa unachokikagua unabadilika, tumia u. Kwa matoleo ya programu u inavutia sana. Toleo moja limegusa mistari 800 ya msimbo, jingine 6,000. Unampa qcc idadi ya kasoro na ukubwa kwa maelfu ya mistari kupitia sizes, nacho kinachora mipaka ya ngazi ngazi, mipana kwa toleo dogo na myembamba kwa kubwa. Inapendeza kuitazama. Lakini mipaka hiyo inajengwa juu ya dhana kwamba kasoro zinatokea kila moja peke yake, na kwamba mtikisiko wake unatokana na wastani wenyewe. Kwenye chupa na vitambaa dhana hiyo inaweza kusimama. Kwenye mfumo wa SACCOS haisimami. Hesabu ya riba ikikosewa sehemu moja, matawi yote yanapiga simu, na kasoro moja inazaa tiketi ishirini. Karani mmoja mwenye bidii anaweza kufungua tiketi sita kwa asubuhi moja kwa jambo lile lile. Matokeo yake data inatikisika kuliko dhana inavyoruhusu, mipaka ya u inakuwa myembamba mno, na chati inajaa nukta nyekundu ambazo si onyo la kweli. Baada ya muda hakuna anayeziangalia tena, na hapo chombo kimekufa mikononi mwako.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza, tenga tiketi na kasoro. Tiketi ishirini za riba ni kasoro moja, na kuziunganisha ni kazi ya mtu anayeujua mfumo, haifanywi na programu. Kisha chora data ile ile kwa njia mbili, u na xbar.one, ile ya pili ukitumia kasoro kwa kila mistari elfu. Mipaka ikikaribiana, endelea na u. Ikiwa ya u ni myembamba sana kuliko ya xbar.one, amini xbar.one, kwa sababu yenyewe inausoma mtikisiko kutoka kwenye data badala ya kuukisia. Pale ambapo u imefaa kabisa kwetu ni kwenye ukaguzi wa msimbo, ule wa watu kukaa pamoja na kusoma mstari kwa mstari kwa utaratibu alioueleza Michael Fagan wa IBM mwaka 1976. Kasoro zinazopatikana hapo ni za msimbo wenyewe, hazijazidishwa na simu za matawi.

Kwa matukio adimu kuna chati ya g. Mfumo kusimama kabisa si jambo la kila wiki; ukilihesabu kwa wiki unapata sifuri, sifuri, sifuri, moja, sifuri, na chati ya kawaida haina la kusema. Chati ya g inageuza swali: inahesabu siku zilizopita salama kati ya tukio na tukio. Ni kipengele ambacho wengi hawakioni, na kwa mfumo uliokomaa vizuri, ambao kasoro zake kubwa zimebaki chache, huenda ndicho kitakachokufaa zaidi.

Kuna pia process.capability, inayolinganisha mipaka ya kazi yako na ahadi uliyompa mteja. Mkataba unasema tiketi ya dharura itafungwa ndani ya saa 24. Chati inasema timu yako, ikiwa katika hali yake ya kawaida, inaweza kufika saa 40. Hakuna hotuba ya kuhamasisha itakayobadilisha hilo. Ama ubadilishe jinsi kazi inavyofanyika, ama ubadilishe mkataba. Ila tahadhari: kipengele hiki kinachukulia kwamba data imejipanga sawasawa pande mbili za wastani, wakati muda wa kufunga tiketi una mkia mrefu upande mmoja, nyingi zinafungwa upesi na chache zinakaa wiki. Mimi nageuza muda kuwa logi (logarithmu) kwanza, au naachana nacho na kuangalia tu muda ambao asilimia 85 ya tiketi hazikuuzidi. Na kabla ya yote nafanya hesabu ya John Little ya mwaka 1961, ambayo haihitaji programu: wastani wa tiketi zilizo wazi ni sawa na zinazoingia kwa wiki mara wastani wa wiki zinazokaa. Zikiingia 13 kwa wiki na kila moja ikakaa wiki 2, meza itakuwa na 26 kwa wastani. Mkurugenzi akitaka zibaki 13, anachokitaka hasa ni muda upungue kwa nusu, na hapo mazungumzo yanakuwa ya maana.

Amri ya pareto.chart nayo imo, inachora vyanzo vya kasoro kutoka kikubwa hadi kidogo. Nzuri, hata lahajedwali inaiweza. Chati za cusum na ewma, zinazojumlisha habari za nukta zilizotangulia, zinanasa uhamaji mdogo mapema kuliko chati ya Shewhart. Kwetu data ya wiki haitoshi kuzinufaisha, lakini mwenye mfumo wa miamala ya kila dakika azijaribu.

Upungufu. Mifano yote inayokuja na kifurushi ni ya viwandani: pete za pistoni, makopo ya juisi ya machungwa, vitambaa vilivyotiwa rangi, bodi za umeme. Hakuna hata mmoja wa kasoro za msimbo au wa tiketi. Mtu wa programu anabaki kutafsiri peke yake kichwani kopo ni nini kwake na sampuli ni nini, na ndiyo sababu anaangukia kwenye mtego wa u niliousimulia. Maelezo ni ya Kiingereza cha kitakwimu, mafupi, yanayomchukulia msomaji kuwa keshasoma somo lenyewe. Chati ya tofauti za jirani, ile inayokaa chini ya chati ya namba moja moja katika vitabu vingi, haichorwi kwa amri moja; unapanga data yako safu mbili, kila wiki pembeni ya iliyofuata, kisha unaomba type = "R". Si kazi kubwa ila mgeni hawezi kuibuni. Na sura ya chati ni ya kizamani, kijivu pembeni, maandishi madogo; ukiitupia kwenye projekta ya ukumbini walioketi nyuma hawasomi kitu. Mimi naitoa kwa pdf() nikiwa nimeipanua, na naichapisha.

R yenyewe nayo ina kona zake. Asiyewahi kuandika amri atahitaji wiki kadhaa kabla mkono haujazoea. Kwa huyo nasema wazi aanze na LibreOffice Calc, kwa hesabu ile ya 2.66 niliyoionyesha, atapata chati sahihi siku hiyo hiyo. Kinachomshinda baadaye ni pale chati zinapokuwa nyingi, kwa kila moduli (sehemu ya mfumo) na kila kundi la wateja, na kila Jumatatu zinatakiwa zirudiwe. Kwenye R unaandika mara moja, na Jumatatu unabonyeza tu. Minitab inafanya haya yote kwa kubofya, vizuri na kwa sura ya kupendeza, lakini leseni yake ni ya kulipia, na sijaona ofisi ya ukubwa wetu ikiweza kuitetea mbele ya bodi. Dashibodi nyingi za mifumo ya tiketi zinachora mstari na mshale wa kupanda au kushuka kutoka wiki iliyopita. Mshale huo ndio unaozaa maswali ya Jumatatu. Nimeuficha kwenye dashibodi yetu na hakuna aliyepungukiwa.

Utaona pia kwenye maandiko ya uwanja huu mifano ya kihesabu ya ukuaji wa uimara wa programu, kama ule wa Goel na Okumoto wa mwaka 1979, inayokadiria kasoro ngapi zimebaki. R inaweza kuikokotoa nje ya qcc. Inafaa kwa toleo moja lililofungwa na kuwekwa kwenye majaribio. Kwa mfumo unaoongezewa vitu kila mwezi, unaoingiza kasoro mpya huku za zamani zikitolewa, sijawahi kuiona ikitoa namba ambayo ningeipeleka kwa mteja.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. qcc kitachora chati ya chochote utakachokipa, pamoja na kasoro za kila mtu kwa jina lake. Usifanye hivyo. W. Edwards Deming, mtakwimu wa Marekani aliyefundisha ubora wa kazi, alikuwa na onyesho lake maarufu la shanga: 4,000 kwenye chombo, 800 nyekundu na 3,200 nyeupe, na kibao chenye matundu 50. Waliojitolea walichota bila kuangalia, na nyekundu zilihesabiwa kuwa kasoro. Aliyepata chache alisifiwa, aliyepata nyingi alikaripiwa, na duru iliyofuata mambo yaligeuka, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na uwezo juu ya idadi ya shanga nyekundu mle ndani. Kijana anayetunza moduli ya riba, iliyoandikwa na mtu aliyeondoka zamani, anachota kwenye chombo ambacho hakukijaza. Ukimpima kwa tiketi zake, ataacha kuzifungua, atazimaliza kwa simu na WhatsApp, na data yako itakuwa safi na ya uongo. Nami ningemwelewa. Kwetu chati ni za moduli na za hatua za kazi, zimebandikwa ukutani karibu na mashine ya kuchapisha, na vijana wenyewe ndio wanaoandika kwa kalamu pembeni ya nukta nyekundu kilichotokea wiki hiyo.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Anayetaka kuanza achukue tiketi za miezi sita iliyopita, azihesabu kwa wiki, aanze na xbar.one peke yake, na mipaka asiikokotoe upya mpaka kazi yenyewe iwe imebadilika kwa jambo analoweza kulitaja.